Lebo ya dawa isigeuzwe ngao ya kukwepa fidia

KABLA ya dawa ya kuua wadudu kuuzwa kihalali nchini, ni sharti isajiliwe na bodi inayojulikana kwa kifupi kama PCPB, ambayo makao yake yako Loresho, kando ya Barabara ya Waiyaki, magharibi mwa Nairobi. Maneno yanayochapishwa kwenye lebo hukaguliwa papo hapo, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka wa 1982.

Swali ni je, mkulima akidhurika kwa jambo ambalo lebo haikumtahadharisha, mtengenezaji anaweza kujitetea kwamba serikali ndiyo iliyoidhinisha maneno hayo?

Nchini Marekani, hoja hiyo imezua mvutano wa miaka mingi. Sheria ya taifa huzikataza serikali za majimbo kuweka masharti ya lebo yanayozidi ya taifa au kutofautiana nayo. Hata hivyo, mwaka wa 2005, katika kesi ya wakulima wa njugu wa Texas dhidi ya kampuni ya Dow, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kizuizi hicho hakifuti kila dai la fidia. Dai linalolingana na matakwa ya sheria ya taifa linaweza kusikizwa. Lakini kuhusu dawa ya Roundup, mahakama za rufaa zilitofautiana: moja iliruhusu dai la mlalamishi mwaka wa 2021, nyingine ikalizima la mwingine mwaka wa 2024.

Kenya haina mahakama za kaunti zinazoweza kushindana na za taifa. Hivyo basi, mvutano hapa hauwezi kuwa baina ya ngazi mbili za utawala, bali baina ya idhini ya bodi na haki ya mwananchi. Kuhusu haki hiyo, Katiba ya 2010 haina utata. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo, kulindwa kiafya, na kulipwa fidia anapoumizwa na kasoro iliyomo.

Isitoshe, idhini si hati ya usalama wa milele. Mwaka wa 2019, Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, Bi Gladys Shollei, aliwasilisha ombi katika Bunge la Taifa akitaka dawa kadhaa ziondolewe sokoni. Mwaka wa 2025, serikali ilitangaza kuziondoa baadhi. Hizo zilikuwa zimesajiliwa kihalali. Iwapo idhini ingekuwa kinga, aliyezitumia kabla ya tangazo hilo angebaki bila pa kulilia.

Vikwazo havikosekani. Sheria humpa anayedai fidia ya majeraha miaka 3 kufika kortini, ingawa mahakama inaweza kumwongezea muda iwapo hakujua mambo ya msingi kuhusu madhara yake. Maradhi yanayojitokeza polepole hufanya mlango huo kuwa mwembamba. Naye anayepimiwa dawa kidogo katika chupa tupu ya soda huenda asiione lebo kabisa, na anapougua hana hata jina la bidhaa la kumwonyesha hakimu.

Bodi ya Loresho ina wajibu wa kuzuia madhara yasitokee. Mahakama zina wajibu wa kumsikiza aliyekwisha kudhurika. Wajibu wa kwanza haupaswi kuufuta wa pili.