Kabla ya Kulinganisha Vifo, Tuulize Nani Alihesabu

Mjadala wa UVIKO-19 haukawii kugeuka ligi: nani alifunga nchi, nani aliacha watu watembee, nani alizika wengi. Mkiani huwekwa Peru. Mei 2021 serikali ya nchi hiyo ilipitia upya kumbukumbu zake, na idadi ya vifo ikaruka kutoka kama 69,000 hadi zaidi ya 180,000. Mara moja ikawa nchi iliyofiwa kuliko zote duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Lakini je, wengine walihesabu hivyo? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 na 2021 janga lilisababisha vifo vya ziada milioni 14.9, ilhali vilivyokuwa vimetangazwa ni kama milioni 5.4. Tanzania, takwimu zilikoma mapema Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikaganda hapo zaidi ya mwaka. Kwenye jedwali, aliyeacha kuhesabu akaonekana bora kuliko aliyerudia hesabu.

Hilo haliisafishi Peru. Ilifunga mapema, Machi 16, 2020, wagonjwa waliothibitishwa wakiwa hawajafika mia, na kwa ukali uliosifiwa. Tatizo ni kwamba amri ilitungwa kana kwamba kila nyumba ina akiba. Wafanyakazi wengi hula walichokipata siku hiyo, na karibu nusu ya kaya hazikuwa na jokofu, kwa hiyo sokoni ni lazima waende. Aprili serikali ikagawa siku za kutoka nje, wanaume zao na wanawake zao. Siku za wanawake masoko yakafurika, na utaratibu ukafutwa baada ya wiki moja hivi. Fedha za msaada zilipotoka, wasio na akaunti wakasongamana kwenye foleni za benki. Baadaye foleni zikawa za mitungi ya oksijeni.

Wapo watakaosema basi kufungia watu ndani ni kazi bure, na ushahidi ni Sweden, iliyoacha watu watembee. Sijashawishika. Mwaka 2020 Sweden ilipoteza watu wengi kuliko jirani zake Norway na Finland. Ukijumlisha miaka mitatu, vifo vyake vya ziada ni miongoni mwa vichache zaidi Ulaya. Kila upande huchagua mwaka unaoufaa. Kinachosahaulika ni kwamba tangu Machi 2020 serikali ya Sweden ilifidia hata ile siku ya kwanza ya ugonjwa, ambayo kwa kawaida mwajiriwa hukatwa. Mtu mwenye homa aliweza kubaki kitandani bila kuwaza kodi ya nyumba. Uhuru huo ulikuwa umelipiwa, na mchuuzi wa Lima, Peru, hakupewa wake. Tukirudi kwenye hesabu, pingamizi zito zaidi ni kwamba nchi maskini haziwezi kuhesabu: watu hufia nyumbani na kuzikwa bila cheti. Ni kweli, na Afrika ina vijana wengi, jambo lililopunguza vifo kwa namna ambayo hakuna waziri anayeweza kujisifia. Ila kushindwa kuhesabu si sawa na kukataa kuhesabu, na aliyekataa hajui apeleke oksijeni wilaya ipi. Majedwali ya kulinganisha nchi yangepaswa kuwa na safu moja zaidi, kando ya vifo: kati ya kila watu mia wanaokufa, wangapi huandikishwa.