Nyumba ilichukuliwa na maji, mafundisho yakabaki



Juma lililopita, katika mkutano wa kikundi, mwenzetu mmoja alituambia habari ya kiti cha nkambo wake. Kilikuwa kiti cha mti, kimechongwa kwa mfano wa mwanamke aliyepiga magoti, anashika kikalio juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nkambo alitoka katika ukoo wa machifu, na kiti kilikaa nyumbani miaka na miaka. Watoto walikirukia, kuku walilala chini yake. Siku moja alipita mchuuzi, akakitazama sana, akatoa makuta ya kutosha mfuko mmoja wa unga. Siku hiyo unga ulikuwa umekwisha. Kiti kikaenda.

Sasa binti wa mwenzetu yuko darasa la sita. Mwalimu amewaambia watoto walete habari ya kitu kimoja cha ukoo. Binti akauliza: "Mama, mwanamke yule wa kwenye kiti alikuwa nani?" Mama alikosa jibu. Alituambia hivi: "Kukiuza, nilikuwa na sababu. Kinachoniuma ni kwamba hata kama kiti kingekuwa bado hapa, ningeshindwa kumjibu mtoto."

Tulinyamaza wote. Kila mmoja alikuwa anawaza kitu cha kwao.

Tumjibu binti huyo kwanza. Kwa Waluba, kiti cha namna hiyo kilikuwa cha wafalme na machifu. Hakikukaliwa kila siku. Kilihifadhiwa, kikafungwa katika kitambaa cheupe, kikatolewa siku kubwa kama ile ya kumsimika mtawala. Wazee walisema mwili wa mwanamke peke yake ndio wenye nguvu ya kubeba roho ya mfalme na siri za ufalme. Ndiyo sababu mchongaji alimweka mwanamke chini, abebe. Na zile alama za tumboni na mgongoni ni chanjo, nazo zilikuwa na maana kwa wale waliojua kuzisoma. Sisi tulikwisha kusahau haya, na kuku wakapata mahali pa kulala.

Viti vya namna hii leo viko katika nyumba nyingi za makumbusho za Ulaya na Amerika. Katika nyumba hizo, ziko ambazo ni mali ya vyuo vikuu, nazo zina kazi ya pekee: zinatunza vitu ili vifundishe. Juma hili tutazame moja ya namna hiyo, kwa sababu yaliyoipata yanatuhusu.

Iko Marekani, katika mji wa Iowa City, na ni ya Chuo Kikuu cha Iowa. Inaitwa Stanley Museum of Art. Mji ule si mgeni kabisa kwetu. Miaka hii familia nyingi za Wakongo zimehamia pale na katika miji ya jirani, na Kiswahili chetu kinasikika kule.

Makumbusho hiyo ilifunguliwa mwaka 1969, karibu na mto. Mwanzo wake ulikuwa zawadi yenye sharti. Bwana na bibi mmoja, Owen na Leone Elliott, walikubali kutoa michoro yao kama chuo kitajenga nyumba ya kuionyesha kwa watu. Baadaye mume na mke wengine, Max na Betty Stanley, walitoa mamia ya kazi za sanaa za Afrika. Ndani yake zimo kazi za kwetu Kongo: za Waluba, za Wakuba, za Wasongye, za Wapende.

Lakini kitu kikiwa katika sanduku la kioo bila mwenye kukieleza, ni mti tu. Chuo kilileta mwalimu, Christopher Roy, ambaye alifundisha sanaa ya Afrika pale tangu mwaka 1978, akaendelea miaka karibu 40. Mwalimu huyo hakuridhika na vitabu. Alikwenda Burkina Faso mara nyingi, akapiga sinema za watu wakiwa kazini: wachongaji, wacheza vinyago, wamama wafinyanzi. Mwanafunzi wa Iowa aliyekuwa anatazama chungu, aliweza pia kutazama mikono inayofinyanga chungu. Katika miaka ya 1990 chuo kilitengeneza pia mafundisho ya sanaa ya Afrika kwa kompyuta, yaliyopangwa kwa kufuata maisha ya mtu, kuanzia kuzaliwa mpaka kufa. Sisi wamama tunaona mara moja kwa nini mpango huo ni mzuri. Kitu cha sanaa kwetu kina siku yake: siku ya mtoto, siku ya ndoa, siku ya kilio.

Ikafika mwezi wa 6 mwaka 2008. Mto ukajaa, ukatoka katika njia yake. Wafanyakazi na watu wa kujitolea walihamisha karibu kila kitu kabla maji hayajaingia. Vitu viliokoka, lakini nyumba haikufaa tena, kwa sababu hakukuwa na bima ya kulinda vitu vya thamani mahali ambapo mto unaweza kurudi. Vitu vikapelekwa kutunzwa katika makumbusho ya mji mwingine, Davenport, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ndani yake kulikuwa na mchoro mkubwa wa Jackson Pollock, wenye urefu wa mita 6, ambao una thamani kubwa sana.

Nyumba mpya ilifunguliwa mwezi wa 8 mwaka 2022. Hesabuni wenyewe: miaka 14 bila nyumba yao.

Mtu angesema, basi, mafundisho yamekwisha, tungoje nyumba. Wao hawakungoja. Walipata nafasi katika jumba la wanafunzi, wakaweka vitu kadhaa pale ili madarasa yaendelee. Vitu vingine walivipeleka kuonyeshwa katika miji mingine ya jimbo. Na walimu wa makumbusho wakabeba kazi za sanaa, wakaingia nazo katika masomo ya watoto. Mtoto ambaye hangefika kwenye makumbusho, makumbusho ilimfikia darasani. Leo wamerudi katika nyumba yao, na kuingia ni bure kwa kila mtu, hata asiyekuwa mwanafunzi.

Wamama, hapa ndipo tunataka tukae kidogo. Mara nyingi sisi tunasema: kwetu hakuna makumbusho ya kutosha, hakuna pesa, hakuna barabara, kwa hiyo watoto wetu hawawezi kujifunza sanaa. Ni kweli kwamba nyumba zinahitajika. Kinshasa walipata makumbusho mpya ya taifa mwaka 2019, na hapa Lubumbashi tuna ile tunayoita musée. Lakini watu wa Iowa walikosa nyumba miaka 14 na bado walifundisha, kwa sababu walikuwa na mambo matatu: kitu chenyewe, mtu anayekijua, na mtoto wa kuuliza. Mambo hayo matatu hayakosekani katika kartie zetu.

Tutazame mfano mmoja ulio karibu na mikono ya wanawake: vitambaa vya Wakuba wa Kasai. Mwanaume ndiye anayefuma kitambaa cha majani ya mti wa rafia. Kisha mwanamke anakichukua, anakilainisha, anashona juu yake nyuzi za rafia na kuzikata moja moja mpaka kinakuwa laini kama mahameli. Hachori kwanza kwenye karatasi. Mfano uko kichwani, na mifano ina majina yake. Kazi hiyo inaweza kumchukua miezi. Vitambaa hivyo vilivalishwa wafu siku ya mazishi, ili jamaa wa upande wa pili wawatambue. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanaandika vitabu juu ya kazi hiyo. Na sisi binti zetu wanaona kushona ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Nani amewafundisha hivyo, kama si sisi tuliokaa kimya?

Kuna jambo la mwisho juu ya makumbusho ile. Kufundisha watu sanaa ni pamoja na kuwaambia ukweli kuhusu njia iliyoleta vitu. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Iowa kilirudisha kazi mbili za Benin, nchini Nigeria, moja kwa moja kwa mfalme wa Benin, yaani Oba. Zilikuwa za mali iliyoporwa na askari wa Uingereza mwaka 1897. Makumbusho iliyouliza "kitu hiki kilitoka kwa nani?" ilipata jibu, na jibu likadai kitendo. Sisi pia tuna haki ya kuuliza swali hilo juu ya vitu vya Kongo, popote vilipo. Lakini anayedai kitu akiwa hajui jina lake wala kazi yake, atasikilizwa na nani? Kujua ndiko kunaanza.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye kazi hizi juma hili.

Kwanza, kila mama alete kitu kimoja cha zamani cha nyumbani: chungu, kinu, kikapu, mkeka, kijiko cha mti, hata kikwembe cha mama mkwe. Kisiwe kizuri kwa lazima. Watoto wakae pamoja nasi, waulizwe maswali manne: Unaona nini? Kimetengenezwa na nini? Nani alikitengeneza, na mikono yake ilifanya nini? Kilitumika siku gani? Mtoto aseme kwanza, mkubwa aongeze baadaye.

Pili, tumwalike mzee mmoja, mwanaume au mwanamke, anayejua. Binti mmoja wa masomo aandike majibu katika daftari la kikundi. Daftari hilo litunzwe pamoja na daftari la michango, kwa uangalifu uleule.

Tatu, viongozi wa vikundi waende kuuliza kwenye musée siku na bei ya kuingiza watoto, na kuomba mwalimu wa kuwaeleza. Wanaoishi karibu na chuo kikuu waulize pale pia, kama mwanafunzi wa historia anaweza kuja kwetu siku moja ya Jumamosi. Tusione haya. Chuo kikuu ni cha watoto wetu, na mlango haufunguki bila mtu kubisha.

Nne, mchuuzi akija kuuliza vitu vya zamani, mama asijibu siku hiyo. Amwambie arudi baada ya juma, na kwanza alete habari kikundini. Kama shida ni unga, tusaidiane kwa unga.

Mwenzetu wa kiti ametuambia kwamba amekwisha kumpigia simu shangazi yake wa kijijini, mwenye miaka mingi, ambaye alimwona nkambo akikifungua kiti kile katika kitambaa chake. Atakwenda kumwona likizo ya Pasaka, pamoja na binti. Kiti hakipo, lakini shangazi yupo. Asikawie.

Tubaki na amani, mpaka juma lijalo.