Jazi Kwayani: Kosa Liko Wapi?

"Mwacha mila ni mtumwa." Hayo ndiyo maneno niliyotupiwa muhula uliopita nilipotoa pendekezo langu katika mkutano wa kwaya. Aliyeyatamka ni mwenzangu wa sauti ya besi, na chumba kizima kikampigia makofi. Nami nikakaa kitako, kimya kama maji mtungini. Sasa mhariri amenipa ukurasa na hakuna wa kunikatiza, kwa hivyo, wasomaji wapenzi, nitegeeni sikio.

Pendekezo lenyewe lilikuwa hili: tutunge kipande kimoja cha kuonyesha maisha ya binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, tuchanganye nyimbo za kwetu Embu na za wenzetu wa Meru, sauti nne za kwaya kama tunavyofunzwa za kizungu, na jazi. Neno hilo la mwisho ndilo lililozua kizaazaa. Ati jazi ni muziki wa baa! Babu yangu, kwa upande wake, alifurahi kupita kiasi akidhani nasema magitaa ya Shirati Jazz na OK Jazz ya Franco. Simlaumu. Huku kwetu Afrika Mashariki jina hilo lilibandikwa bendi za dansi, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na wengineo, ingawa walichopiga kilikuwa karibu zaidi na rumba. Jazi ninayosema mimi ni ile ya watu weusi wa Marekani, ambapo mpiga tarumbeta huachiwa nafasi aseme lake papo hapo huku wenzake wakimshikilia mdundo. Na hilo, jamani, lina ugeni gani? Hata mamangu akiongoza wimbo harusini huongeza maneno kichwani mwake, amtaje bibi harusi, amtanie shemeji, na waitikiaji hawapotezi njia.

Wazo hili sikulitoa hewani. Mwalimu wetu wa muziki alitusikilizisha kazi ya Duke Ellington iitwayo The River, aliyoitunga mwaka wa 1970 kwa ajili ya American Ballet Theatre, wacheza dansi wakipangwa na Alvin Ailey. Ellington alikuwa mtu wa jazi tangu ujana wake, lakini hapa aliandikia okestra nzima, fidla na filimbi na ngoma kubwa. Mto ndio binadamu. Huanza chemchemi, mtoto mchanga ambaye hajaijua dunia. Halafu hutambaa huku na huku, kisha hukimbia ukicheka juu ya mawe kama watoto wa darasa la kwanza, ukatulia ziwani, ukanaswa na kizingia, ukaporomoka. Mwisho ni bahari, na maji ya bahari yakapanda mawinguni kurudi chemchemini. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiri: huyu bwana ameuona wapi mto wetu?

Maana mimi nimekulia kando ya Rupingazi. Maji yake hutoka Mlima Kenya, yakapita mjini Embu, yakajiunga na mto Thiba na hatimaye Tana. Tana nayo haiachwi ipite bure. Inapokea kazi: Kamburu, Gitaru, Kindaruma lililoanza mwaka wa 1968, na Kiambere la 1988, yote mabwawa ya umeme. Mto wa Meru, Kathita, huteremka kupitia Tharaka na kukutana na Tana huko chini, mabwawa yakiwa yamekwisha kupitwa. Wenzetu wa Meru wamecheka sana niliposema hivi, kwamba maji ya Embu yameajiriwa miaka yote na yao yanakuja mchana wa malipo. Utani kando, hiyo si picha ya utu uzima? Maji yale yale yaliyokuwa yakicheka kwenye mawe sasa yanasukuma mitambo gizani.

Baada ya hapo Tana hupita Garissa, ikaingia nchi ya Wapokomo na kumwagika baharini upande wa Kipini. Na hapa ndipo nilipotaka mkutano ule unisikilize, lakini makofi yalikuwa mengi. Wapokomo ndio waliotupa wimbo wa taifa! Mwaka wa 1963 tume ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilichukua wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, uliotoka kwa Mzee Meza Morowa Galana, ikaupangia sauti na vyombo kwa mtindo wa kizungu. Kwa hivyo kila Jumatatu tunaposimama wima kama mishale mbele ya bendera, na mwenzangu wa besi akinguruma kuliko sote, tunaimba mchanganyiko. Wimbo wa mama na mwana umevalishwa tarumbeta za polisi, na hakuna aliyesema Wapokomo wamekuwa watumwa. Mto unaoanzia mlimani kwetu unaishia kwenye bembelezi. Mtunzi gani angebuni mwisho kama huo?

Sasa nikiri jambo, kwa sababu sipendi mjadala wa upande mmoja. Kuna mzee mmoja ng'ambo ya mto Thuci, babu wa rafiki yangu wa bwenini, ambaye tulimwendea tukamwomba atufunze nyimbo za majibizano za usiku wa kuamkia tohara, kirarire. Alitupa chai, akatupa ndizi, akatuuliza habari za masomo. Tulipotaja wimbo, alikataa katakata. Alisema wimbo ule una mahali pake na wenyewe wake, na haumo katika vitu vya kupelekwa jukwaani mbele ya kina mama na wasichana na majaji wenye kalamu. Nilirudi nimekasirika. Nilimwona mzee mkaidi anayezika mali.

Siku hizi sioni hivyo. Kwaya yetu ina wasichana kumi na wanane. Tukiuimba wimbo ule watauimba nani, na wao wafanye nini, wazibe masikio? Isitoshe, kuchanganya kwa Ellington kulikuwa kuchanganya kilicho chake. Bembelezi la Wapokomo lilitolewa na mzee wao mwenyewe. Hili la kirarire hatukupewa. Basi nasema tusiliguse. Tukifika mahali pa jando sauti zote zinyamaze, piano ifungwe, ipigwe ngoma moja tu, zile ndefu ambazo wapigaji wa Chuka hubana kati ya miguu. Mwenye kujua atajua. Hata muziki wa klasiki una alama ya kunyamaza, na mwalimu hutugombeza tukiiruka.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya alama. Wanasema tamasha la muziki lina vitengo vyake, wimbo teule huku, wa kienyeji kule, na kipande chetu kitakosa pa kuingia. Ni kweli, na sina dawa. Lakini siku ya wazazi haina kitengo. Wakulima wa majani chai na wa miraa watakaa viti vya mbele, wengi wao hawajawahi kutusikia tukiimba ila ibadani. Mimi ningetaka wamsikie mtoto akilia, mkulima akichoka, bibi akizeeka, katika lugha zao.

Tumeanza tayari, sisi tisa, Jumatano baada ya michezo, nyuma ya jumba la kulia. Bembelezi limeiva. Sehemu ya mabwawa bado inatushinda, kwa sababu mpiga piano wetu anaharakisha kila akifika Kindaruma. Tarumbeta tunayo moja, ya skauti, na hatuna wa kuipuliza. Mwenzangu wa besi, nasikia nyumbani kwenu kuna mjomba aliyepuliza kanisani. Uliza kama alikufunza.