Tumtambue Anemoni Kabla ya Kumtia Tangini

Miongoni mwa viumbe wanaopamba matangi ya maji ya chumvi ulimwenguni, ni wachache wanaotamanika kumshinda anemoni-zulia. Jina hilo linamfaa, kwani minyiri yake mifupi imesongamana juu ya mwili uliotandazwa mithili ya zulia, na samaki wadogo wenye mistari myeupe hujilaza humo bila kudhurika. Mwalimu wa bayolojia akiona tangi kama hilo yamkini atatamani kuwa nalo shuleni. Mimi nashikilia kwamba asiyeweza kumtambua mnyama huyu hafai kumfuga.

Naam, ni mnyama wala si ua, na wako wa aina tatu ambao wauzaji huwachanganya ovyo. Stichodactyla haddoni huishi mchangani na, akighasiwa, hujivuta akazama chini ya mchanga. Minyiri yake hunata sana. Stichodactyla gigantea hupatikana kwenye maji mafupi, aghalabu penye nyasi za bahari. Minyiri yake pia hunata, tena hutikisika karibu wakati wote. Wa tatu, Stichodactyla mertensii, ambaye makao yake yanafika hadi pwani ya Afrika Mashariki, hujishikiza katika nyufa za matumbawe. Huyu hanati sana, na shina lake jeupe lina madoa ya rangi ya machungwa au zambarau. Kwa hiyo anayetaka kumtambua asitosheke na kutazama juu. Ainame atazame chini ya zulia.

Huenda mwanafunzi akauliza, majina haya yana faida gani? Faida yake ni uhai wenyewe. Wa mchangani akiwekwa juu ya jiwe tupu hutangatanga tangini akitafuta pa kujizika, na huweza kunaswa na pampu akachanika. Mertensii naye huweza kutanda zaidi ya mita moja. Tangi gani la darasani litamtosha? Aidha, hao wenye kunata sana huwakamata na kuwameza samaki wanaowagusa, isipokuwa wale wachache waliozoeana nao.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi. Mnunuzi humwona anemoni mweupe pe akadhani amepata johari. Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya mwili wa anemoni mwenye afya huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa usanidinuru na kumgawia mwenyeji wake. Weupe huo ni dalili kwamba mwani umetoweka na mnyama ana njaa. Ndiyo maana anahitaji mwanga mkali, joto la nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, chumvi isiyobadilika ya kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na tangi lililokwisha kukomaa kwa miezi mingi. Akifa, mwili wake huoza upesi na kuchafua maji, na samaki walio pamoja naye huweza kumfuata.

Wengine watasema kwamba viumbe hawa ni dhaifu, wangekufa tu hata wakiachwa baharini. Sikubaliani nao. Mwaka 1828 Sir John Dalyell alimchukua anemoni wa aina nyingine katika pwani ya Uskoti. Mnyama huyo alitunzwa katika mtungi mjini Edinburgh hadi alipokufa mwaka 1887, baada ya kuwazika walezi wake kadhaa. Basi anemoni anapokufa miezi michache baada ya kununuliwa, tusimlaumu yeye.

Kila anemoni-zulia anayeng'olewa mwambani huacha samaki wake bila maskani, na samaki hao hawawezi kujikinga vyema pasipo minyiri hiyo. Isitoshe, mwaka 1998 joto kali la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani yetu. Bahari iliyokwisha kupata pigo kama hilo haihitaji pigo jingine kutoka kwa wapenda mapambo.

Najua shule zilizo mbali na bahari zitalalamika kwamba wanafunzi wao watajifunza wapi. Nawajibu kwamba tangi la ngege wachache wa maji baridi hutosha kufundisha mengi kuhusu hewa, chakula na uchafu wa maji. Shule zilizo pwani zina hazina kubwa zaidi: mbuga za bahari za Malindi na Watamu zimehifadhiwa tangu mwaka 1968. Mwalimu na awapeleke wanafunzi huko, wamtazame anemoni mahali pake, wamchore, wamtaje kwa jina lake, kisha wamwache alipo.