Mtunzi, '18+' haitoshi: niambie ni mapenzi ya aina gani

Kama umewahi kununua viazi Kibirichia, unalijua gunia linaloitwa mukorino. Limeshonewa kilemba juu, limejaa hadi linatisha, na pale mdomoni vimepangwa viazi vikubwa vikubwa vya kuvutia macho. Unalibeba hadi nyumbani, unamwaga, na chini unakuta vidogo kama gololi. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Sawa, lakini kilo hazikuambii kilicho chini.

Mimi ni wa huku. Chuo niliacha mwaka wa pili (karo, si unajua), nikaingia Nairobi kuandika. Sasa wacha nikwambie: hadithi zetu nyingi za mapenzi ni mukorino. Na ya kwanza kabisa ilikuwa yangu.

Naandika hadithi za mashabiki. Yaani unapenda kipindi, kinaisha kabla hujashiba, basi unawachukua wahusika wale wale na kuwaandikia maisha mengine. Mimi nilianza na Maria na Luwi, wale wa kipindi cha Maria kilichoanza Citizen TV mwaka 2019. Niliwaandikia maisha ya baada ya harusi. Juu nikaweka maneno matatu: "Mapenzi matamu. 18+." Hiyo "18+" niliiweka kama chambo, sitadanganya. Ukiweka hivyo watu wanabonyeza.

Sehemu ya tano, hadithi ilikuwa imepoa, nikaona niichangamshe. Nikamfanya Luwi mtu wa wivu. Anamnyang'anya Maria simu, anamfungia ndani siku mbili, halafu anarudi na maua na wanapatana kitandani. Nilidhani nimeandika kitu kikali. Wasomaji wengi walitaka sehemu ya sita saa hiyo hiyo.

Kuna mama mmoja ana saluni hapa sokoni, alikuwa msomaji wangu sugu. Niliporudi nyumbani wakati wa kuvuna nikapita kumsalimia. Hakunichekea. Aliendelea kusuka, akaniambia bila kuniangalia, "Kijana wangu, hiyo sehemu ya tano niliisomea kwa matatu nikienda Meru. Nilishuka kabla ya stendi." Nikauliza kwani ilikuwa mbaya? Akasema, "Mimi nilifungiwa hivyo miaka minne. Ungeandika tu hapo juu kwamba iko na hiyo mambo, ningeiruka. Wewe uliniambia ni tamu."

Sikuwa na jibu. Hakusema nisiandike. Alisema nilimdanganya kwenye lebo, na ni kweli.

Sasa angalia wenzetu wanaofanya kazi hii hii kwa Kiingereza. Kuna hifadhi kubwa inaitwa Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009, na mwaka 2019 ikapewa tuzo ya Hugo, ile ya vitabu vya kubuni vya sayansi na fantasia. Ukiweka hadithi pale unaulizwa maswali kwanza. Ni ya watu wote, ya kuanzia vijana, ya waliokomaa, au ya watu wazima tu? Kisha uhusiano ni wa nani na nani: mwanamke na mwanaume, wanaume wawili, wanawake wawili, au hakuna mapenzi kabisa. Halafu maonyo: kuna ukatili mkali? Mhusika mkuu anakufa? Kuna kulazimishwa? Kuna aliye chini ya umri?

Na hapo kuna chaguo moja ninalolipenda sana. Mtunzi anaruhusiwa kusema: nimeamua kutoonya. Hiyo nayo ni lebo. Msomaji anaelewa kwamba humu ndani chochote kinaweza kumpata, na kuingia ni juu yake.

Hata alama ndogo zina kazi. Mkwaju ukiwa kati ya majina mawili, hao ni wapenzi. Ikiwa ni alama ya "&", ni marafiki au ndugu. Mkwaju huo ulitoka kwa mashabiki wa Star Trek miaka ya 1970, waliowaandika Kirk na Spock kama wapenzi. Fikiria, alama moja inakuokolea bando la kusoma sura kumi ukingoja busu ambalo haliji.

Baada ya hapo watunzi wanaongeza lebo zao wenyewe. Kuna ya mapenzi ya moto wa polepole, ya maadui wanaogeuka wapenzi, ya kulia tu. Kuna moja waliitoa kwenye kipindi cha vichekesho cha Marekani, Arrested Development. Jamaa anakuta mfuko kwa friji umeandikwa kwamba ndani kuna njiwa aliyekufa, usile. Anaufungua na kumkuta njiwa aliyekufa, kisha anajishangaa alitarajia nini. Leo watunzi wakiweka lebo hiyo wanamaanisha: nilichoandika hapa juu ndicho kilichomo, usije ukanilaumu.

Sisi tuna nini? Watanzania angalau wana neno chombezo. Ukiliona juu ya hadithi unajua kuna mambo ya chumbani, humsomei bibi kwa sauti. Hapa Kenya bodi ya filamu, KFCB, inapanga filamu kwa umri: GE, PG, 16, 18. Lakini umri ni kama zile kilo 50. Yule mama wa saluni amepita 18 zamani sana. Lebo ya umri haikumsaidia hata kidogo, kwa sababu shida yake haikuwa ngono. Maria na Luwi wakipendana usiku kucha angesoma akicheka. Shida ilikuwa kufuli la mlango.

Nikisema haya watunzi wenzangu wananijia juu: utaharibu uhondo, msomaji akijua atasoma nini tena? Ati uhondo! Buda, mtu akisoma "maadui wanaogeuka wapenzi" anajua mwisho kabla ya kuanza, na bado anakesha. Mtu hasomi mapenzi ili ajue kama watapatana. Anasoma ajue vipi. Kama hadithi yako inasimama kwa sababu tu msomaji hakujua atapigwa kofi, basi tatizo ni hadithi.

Wengine wanaogopa kwamba lebo ya kulazimishwa itawafukuza watu. Ndiyo, itafukuza wengine. Hao ndio unaowaandikia lebo.

Sehemu ya tano sikuifuta. Niliirudia juu tu, nikaandika wazi: mume anamfungia mke ndani, anamchukulia simu, na wanarudiana bila yeye kuomba msamaha. Nilipomaliza kuandika hayo maneno ya mwisho nilikaa kidogo. Sikuwa nimegundua kwamba Luwi wangu hakuwahi kuomba msamaha. Nimeanza kuandika sehemu ya sita upya.

Jana nilipita tena saluni. Aliniuliza, "Hiyo mpya iko na nini?" Nikamsomea lebo yote kabla hajaifungua: Maria/Luwi, watu wazima, Maria anaondoka na harudi, hakuna anayepigwa, kuna kulia. Akafikiria kidogo akiwa ameshika kitana.

"Nitumie," akasema. "Lakini ya tano usinitumie."