Kabla ya Kuzima, Sema Kwa Nini

"Zima uwashe." Hiyo ndiyo sala ya mafundi wetu wa kompyuta. Printa imegoma? Zima uwashe. Seva ya ofisi inajikokota? Zima uwashe. Ikifufuka, fundi anabeba mkoba wake na kuondoka kama shujaa. Shujaa wa nini, bana? Ametuliza dalili, ugonjwa ameuacha palepale. Programu iliyokuwa ikimeza memori itaanza kumeza tena usiku wa leo, na ushahidi uliokuwa kwenye memori hiyo umeshafutika.

Upande wa pili kuna wale wanaojisifu ati seva yao haijazimwa miaka 3. Hiyo si sifa. Ukisasisha kerneli ya Linux, kwa kawaida ile mpya hukaa tu kwenye diski huku mashine ikiendelea na ya zamani, na mianya yake yote, hadi uristati. Ubuntu hata hukuwekea faili ya kukukumbusha. Nani huisoma?

Hawa wawili ni ndugu: hakuna kati yao anayejua mashine yake inataka nini.

Unadhani haya ni mambo madogo ya ofisi? Rudi kwenye Vita vya Ghuba. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Hesabu yake ya muda ilizidi kukosea kidogo kidogo, kosa likafika karibu thuluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud lilipokuja, mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwepo. Askari 28 walikufa. Kuzima na kuwasha kungeanzisha hesabu upya. Na onyo lilikuwa limetumwa siku chache kabla: kuuacha mtambo ukiwaka muda mrefu sana kungeleta shida. Muda gani? Onyo halikusema.

"Muda mrefu sana" na "zima uwashe" ni lugha moja: maneno yasiyo na sababu wala kipimo.

Kwa hivyo fundi akikuambia uzime, muulize: kwa nini, na itagoma tena lini? Kama ni huduma moja imekwama, aanzishe hiyo moja. Kama ni kerneli, apange saa na awaambie watu mapema. Kama hajui, aseme hajui, kisha asome logi kabla mkono wake haujagusa kitufe.