Chapa Nayo Ni Hati

Mnadani Kakuma nilimwona mzee akimzunguka ngamia. Aliitazama chapa iliyochomwa ubavuni, akautaja ukoo wa mwenyewe. Wenzangu wa pwani wakacheka: "Ati anasoma ngozi!"

Mimi sikucheka. Chuoni nilipoanza, alifu kwangu ilikuwa ufito tu, mpaka mwalimu aliponifunza. Hata Mabudha wa Tibet, ambao dini yao si yetu, huchora picha juu ya vitambaa vya kuviringishwa, na kila kitu mle kina maana. Buddha akigusa ardhi kwa mkono wa kuume, aiita ardhi imshuhudie. Asiyefunzwa huona mtu amekaa kitako, basi.

Kwa Waturkana neno emachar ni chapa, na ndilo hilo hilo ukoo. Huko Lokori, kusini ya Lodwar, yako makaburi ya kale ya Namoratunga, mawe yake yamechongwa alama. Mwaka 1977 wataalamu Lynch na Robbins waliandika kuwa alama hizo zafanana na chapa za mifugo ya Waturkana.

Rai yangu ni hii: shule za Lodwar na Kakuma ziwaite wazee waje kuwafunza watoto alama hizo. Wakifa hawajaulizwa, mawe yatabaki, maana itazikwa.

Nasi tunaocheka tujiulize: nakshi za milango yetu ya Lamu, leo ni wangapi wawezao kuzisoma?